Sekunde Ishirini za Kwanza

Katika siku tisa nilizozitumia kuitengeneza kompyuta yangu iliyokuwa haitoi sauti, ni siku ipi hasa ilipona? Nimelirudia swali hili mara nyingi kuliko linavyostahili, na mpaka leo sina jibu. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba kwa siku kadhaa, labda mbili, labda tano, nilikuwa ninatengeneza kitu kizima. Nilikuwa ninakitengeneza kwa bidii, kwa daftari na kalamu, kwa hasira ya mtu aliyesoma, na kila jioni nilimtangazia mama yangu kwamba kazi inakwenda vizuri.

Mama alikuwa amepanda kutoka bondeni, upande wa Muze, akaja kukaa kwetu Milanzi kwa sababu moja. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, na daktari aliyempima hapa mjini alimweleza kwa upole kwamba la kulia nalo linafuata, ila hawezi kumtajia siku. Mama aliyasikiliza maelezo hayo akiwa amemgeuzia daktari upande unaosikia, akamshukuru, na tulipotoka nje akaniambia:

"Kabla halijafunga, nataka nimsikie baba yako. Wewe unayo sauti yake. Nikishamsikia nitarudi kwangu, baridi yenu hii siiwezi."

Sauti nilikuwa nayo. Mwaka mmoja kabla ya baba kufariki nilikwenda nyumbani likizo, nikachomeka kipaza sauti kidogo chenye taa nyekundu kwenye kompyuta, nikaiweka juu ya kigoda mbele yake na kumwomba asimulie maisha yake. Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba mzee husimulia kwa uhuru zaidi pasipo mtu wa kumkodolea macho, kwa hiyo nikaanzisha kurekodi na kutoka kwenda kuangalia maharage. Niliporudi baada ya saa moja na dakika kadhaa, baba alisema, "Nimemaliza," nami nikahifadhi faili. Sikuisikiliza. Alipokuwa hai niliona hakuna haraka. Alipofariki nikaona sina moyo. Hivyo ndivyo mtoto wa chuo kikuu alivyoitunza sauti ya baba yake: kwa uangalifu mkubwa, bila kuisikia hata mara moja.

Hapa sina budi kuieleza kompyuta yenyewe. Nitajaribu kuieleza bila kujitetea, ingawa najua itaonekana kuwa ninajitetea.

Nilipofikisha miaka arobaini na mitano, walimu wenzangu wa rika langu walikuwa wakiongeza mashamba na ng'ombe. Mimi nilikuwa ninapunguza programu. Nilikuwa na kompyuta mpakato ndogo, kuukuu, niliyoinunua kwa mtu, nikaitia mfumo wa bure uitwao Linux kwa kuwa uliokuja nayo ulikuwa umechoka. Baadaye nikaona hata Linux ile ina mambo mengi. Nikawa ninapogoa kila mwezi, mpaka nikaishia na mfumo ambao haukai kabisa ndani ya diski. Unakaa kwenye flashi isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Ukiwasha kompyuta, mfumo mzima unapanda kwenye memori na kufanyia kazi huko huko, na ukizima unasahau yote uliyoyafanya siku hiyo, isipokuwa umeuamuru uhifadhi. Hauna picha wala madirisha. Ni kioo cheusi na herufi nyeupe. Niliuita mfumo tulivu. Nilitoa muziki, nilitoa intaneti, nilitoa ile kengele ndogo ya kukukaribisha, nikatoa hata programu ya kujaribia spika, nikiiona ni takataka. Nilijisikia kama mtawa aliyemaliza kufagia chumba chake.

Katika ofisi ya walimu mwenzangu wa hesabu aliwahi kuinama nyuma yangu, akakitazama kile kioo kwa muda.

"Mwalimu, hii nayo ni kompyuta au ni ubao?"

"Ni kompyuta isiyo na makelele," nikamjibu.

"Basi siku ukiyahitaji makelele, utayaazima wapi?"

Nilimcheka. Faili pekee la sauti lililobaki katika mashine ile lilikuwa la baba.

Siku ya kwanza, Jumamosi, mama aliketi kwenye kochi akiwa na kitenge kifuani na koti langu mabegani. Sikio la kulia alikuwa amelifunga kitambaa. Alikuwa amelifunga hivyo tangu alipotoka hospitalini, akisema analitunza. Alikataa redio, alikataa hata mazungumzo marefu, asije akalichosha kabla ya shughuli yenyewe. Akakifungua kitambaa taratibu, kama mtu anayefungua kifurushi cha mgeni, nami nikaandika amri ya kucheza faili.

Mashine ikanijibu kwa herufi nyeupe kwamba sina ruhusa.

Ilichukua siku nzima kuelewa maana yake. Katika Linux, kila mtumiaji huwekwa kwenye makundi, na asiyekuwemo katika kundi la sauti hawezi kuigusa sauti. Nilipokuwa ninapogoa, nilikuwa nimejiondoa mwenyewe. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimejijengea dunia ambayo mimi, mjenzi, sikuruhusiwa kusikia. Jioni nikajirudisha. Nikacheza faili tena. Safari hii mashine haikulalamika: tarakimu za muda zikaanza kukimbia pembeni, sekunde moja, mbili, tatu. Nikasubiri mpaka ishirini. Kimya.

"Amesema?" mama akauliza.

"Bado, mama. Kesho."

"Hata alipokuwa hai alikuwa hivyo hivyo," akasema, akalifunga sikio.

Ningelisikiliza vizuri neno hilo ningeokoa wiki nzima. Lakini nilikuwa fundi, na fundi hamsikilizi mgonjwa, anasikiliza mashine.

Naomba msomaji azikumbuke hizo sekunde ishirini. Programu ya kuchezea sauti niliyokuwa nimeibakiza ilikuwa ndogo kuliko zote, na hilo lilikuwa fahari yangu: inaanza faili mwanzo na kwenda nalo mpaka mwisho, haina kuruka mbele wala kurudi nyuma. Kwa hiyo kila nilipotaka kujaribu dawa mpya nilikuwa ninaanza mwanzo. Ninasikiliza sekunde ishirini, ninazima, ninaandika kwenye daftari "kimya," ninatafuta dawa nyingine. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuzisikiliza sekunde ishirini za mtu yeyote mara nyingi kama nilivyozisikiliza za baba yangu.

Siku ya pili niligundua kwamba njia zote za sauti zilikuwa zimezibwa. Ndivyo mfumo wa sauti wa Linux unavyozaliwa: unaanza ukiwa umefungwa mdomo, na kila njia iko kwenye sifuri, mpaka mtu aje aifungue. Watu wenye mifumo ya kawaida hawajui hili, kwa sababu kuna programu inayowafungulia kimya kimya. Mimi nilikuwa nimeitoa programu hiyo. Nikafungua njia moja moja kwa mkono, nikapandisha sauti juu, nikacheza. Kimya.

Siku ya tatu nikagundua kwamba mashine inaamini ina kadi mbili za sauti, moja ya spika zake na nyingine ya kupeleka sauti kwenye runinga, nayo imechagua ya runinga. Runinga haikuwepo. Siku zote mbili ilikuwa ikiisimulia kwa utii runinga ambayo hatujawahi kuichomeka. Nikaigeuza. Nikacheza. Kimya. Baada ya saa nzima ya kukuna kichwa nikakumbuka kwamba jana sikuhifadhi, kwa hiyo zile njia nilizozifungua zilikuwa zimejifunga zenyewe usiku. Nikazifungua tena. Je, nilipozifungua, kadi ilikuwa bado imegeuzwa, au nilikuwa nimezima na kuwasha katikati? Daftari halisemi. Hapo ndipo hesabu ya siku zangu inapopotea, na ndiyo maana swali la mwanzo halijibiki.

Mke wangu anafundisha shule ya msingi na ana subira ya kazi hiyo. Siku ya tatu jioni aliniwekea chai mezani.

"Baba watoto, si uiweke tu kwenye simu yangu tusikilize?"

"Spika ya simu ni nyembamba. Mama anahitaji sauti nzito, yenye kifua. Daktari mwenyewe alisema sauti nyembamba ndizo zinazompotea kwanza."

Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana niliitumia. Ukweli mwingine ni kwamba sikutaka simu ifanye kwa dakika moja kazi ambayo mashine yangu imeishindwa kwa siku tatu. Sikulisema hilo. Mke wangu alilisikia hata hivyo.

Siku ya nne nikazilaumu spika. Nilikuwa nimezinunua wiki ile ile, pamoja na hedifoni, kwenye duka la mzee mmoja wa mjini, wa familia ya wafanyabiashara Waislamu ambao baba zao walifungua duka hapo kabla sijazaliwa. Nikazirudisha ndani ya boksi lake.

"Shikamoo mzee. Hizi spika hazisemi."

"Marahaba, Mwalimu. Hazisemi, au hazijaambiwa kitu?" Akachukua simu yake, akachomeka waya, na kaswida ikalijaza duka lote mpaka ng'ambo ya barabara, ambako mama muuza viazi aliinua kichwa. Mzee akaiacha iimbe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Asubuhi nilizijaribu kwa hii hii. Wewe ulizijaribu kwa nini?"

"Kwa sauti ya marehemu baba."

Akaipunguza kaswida. "Mungu amrehemu. Lakini Mwalimu, weka na kitu kingine. Mtu hajaribu kibatari kwa kwenda kumtafuta maiti."

Ulikuwa ushauri mzuri kuliko wote nilioupata katika siku zile tisa, nao ulikuwa wa bure. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani na spika zangu nzima, na sikuweka kitu kingine, kwa kuwa katika mfumo wangu hakikuwepo, na kwenda kukiomba kwa mtu kungekuwa sawa na kukiri kwamba mwalimu wa hesabu alisema kweli.

Siku ya tano nikasikia kitu. Nilikuwa nimevaa hedifoni, nimepandisha sauti mpaka mwisho, na ndani ya sekunde ishirini zile kukawa na mvumo hafifu unaokuja na kuondoka. Fundi mwenye akili angeruka kwa furaha: kompyuta isiyo na sauti haivumi. Mimi niliandika kwenye daftari, "Uchafu wa umeme," nikautafutia dawa. Kwa siku mbili nilibadilisha waya, nilihamisha soketi, nilizima taa ya jikoni wakati mke wangu anakata mboga, nilishusha njia hii na kupandisha ile, mpaka siku ya sita jioni nikafaulu kuumaliza kabisa. Sasa ninajua ulikuwa nini. Ulikuwa upepo wa nyumbani kwetu ukipita kwenye nyasi za paa la jiko, jinsi unavyopita siku zote saa za alasiri. Niliufuta upepo wa kwetu kwa siku mbili, na nilipofaulu nilijipongeza.

Siku hiyo hiyo ya sita mke wangu alimwita mama chakula akiwa amesimama upande wake wa kulia, hatua tatu tu, na sikio halikuwa limefungwa kitambaa. Mama hakugeuka. Mke wangu akaita tena kwa nguvu, mama akageuka na kutabasamu, akasema alikuwa anawaza. Hatukutazamana, mke wangu na mimi, lakini tulipokuwa tunaosha vyombo akasema bila kuniangalia:

"Nitakwambia kitu, usikasirike. Wewe hutaki ipone."

"Mimi? Siku sita sijalala vizuri!"

"Ikipona, mama anaondoka. Amesema mwenyewe. Wewe unataka akae hapa. Mwambie akae, basi. Usimfungie mume wake ndani ya sanduku."

Nilikasirika, bila shaka. Nikamweleza kwa kirefu tofauti ya kadi mbili za sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaning'iniza kitambaa cha vyombo, akaondoka. Ni kweli kwamba nilitaka mama abaki Milanzi karibu na hospitali, mbali na joto la bondeni na kuni na maji ya kubeba. Ni kweli pia kwamba sikuwahi kumwambia. Kama hayo mawili yaliingia katika vidole vyangu nilipokuwa ninashusha njia hii na kupandisha ile, sina daftari lililoandika.

Siku ya nane, Jumamosi nyingine, nikasalimu amri. Nikanakili faili na kuliweka kwenye simu ya mke wangu. Akabonyeza. Tarakimu zikaanza kukimbia. Tukasubiri, vichwa vimegusana juu ya kile kioo kidogo, mpaka sekunde ya ishirini. Kimya.

"Unaona?" nikasema, nikaichukua simu mkononi mwake.

Ninakiri kwamba kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Hata simu imeshindwa! Kisha maana yake ikanifikia. Kama simu nzima, inayopiga nyimbo kila siku, haikutoa kitu, basi ubovu haukuwa kwenye mashine. Ulikuwa kwenye faili. Kile kipaza sauti kidogo hakikunasa kitu siku ile. Nilikuwa nimerekodi saa moja na dakika kadhaa za kutokuwepo kwa baba, nikazihifadhi kwa miaka yote hiyo, nikazifungia nenosiri.

Jumapili, baada ya misa, nikamwambia mama. Niliketi upande wake wa kulia nikasema kwa sauti kubwa, jambo ambalo ni gumu unapokiri kosa, kwa kuwa majirani wanakiri nawe.

"Mama, nisamehe. Sauti ya baba haipo. Nadhani mashine haikuinasa."

Akanitazama midomo, kisha macho.

"Haipo, au hajasema?"

"Haipo, mama. Nimejaribu siku tisa."

"Uliketi naye?"

"Nilijaribu kila njia, nime—"

"Sikuulizi njia. Uliketi naye muda gani?"

Nikasema, "Kidogo kidogo."

"Leta hizo za masikioni."

Nikamvika hedifoni juu ya kilemba cha kanisani, nikapandisha njia zote mpaka juu, nikaandika amri kwa mara ya mwisho, kwa heshima tu, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa. Sekunde ya ishirini ikapita. Dakika moja ikapita. Nikanyoosha mkono kuizima ili nisimtese. Mama akanipiga kofi la vidole, lile la utotoni, bila kuyaondoa macho kwenye mashine.

"Unakwenda wapi? Umemwamkia?"

Nilidhani umri umemchanganya. Lakini alikuwa anaanza kuteremka kutoka kwenye kochi. Pale pale sebuleni, hedifoni zikiwa kichwani na waya ukimfuata, mama alichuchumaa kama anavyochuchumaa mwanamke wa Kifipa mbele ya mkubwa, akakutanisha viganja, akapiga makofi mawili matatu ya taratibu, akaamkia kwa Kifipa. Kisha akasubiri. Kwetu ndivyo ilivyo: mkubwa haanzi. Anayemjia ndiye anayeshuka, anapiga makofi, anaamkia, na mkubwa hujibu akiwa tayari. Baba yangu alikuwa wa mwisho kijijini kulilegeza hilo. Hata kwenye ofisi ya kata alikuwa akiketi kimya mpaka karani mwenyewe agundue kosa lake.

Nikaanza kuelewa nikiwa bado nimeunyoosha mkono hewani. Nilikuwa nimeiweka mashine mbele ya mzee huyo, nikaiwasha, nikaondoka.

Dakika ya nne ilikuwa inakwisha mama alipokunja uso.

"Kuna mwanamke humu."

"Mwanamke?"

"Anamwamkia. Mwanamke huyu ni nani? Baba yako alikuwa na mgeni mimi niko shamba?"

Nikauchomoa waya wa hedifoni, nikachomeka wa spika, na sauti ikahamia huko. Ilikuwa sauti ya mama mwenyewe. Alikuwa ameingia siku ile na uji, akamkuta mzee amekaa mbele ya taa nyekundu, akamwamkia kama kila mara anapoingia. Kigoda kikasikika kikisogezwa. Kisha, kwa sauti nzito yenye kifua, baba akaitikia, akamaliza maamkizi yote mpaka hali ya kuku, na ndipo akasema kwa Kiswahili, makusudi ili nami nielewe vizuri:

"Hii mashine ya mwanao haina adabu. Imenitumbulia jicho jekundu tangu alipoiwasha, haiamkii, haiondoki."

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa chini. Mama alikuwa anacheka mpaka kilemba kimemshukia usoni.

"Ni mimi!" akawa anasema. "Kumbe nina sauti kali vile! Kwa nini hamkuwahi kuniambia?"

Tulimsikiliza mpaka mwisho, saa nzima na zaidi. Kama nilitarajia siri za ukoo, hazikuwemo. Alieleza jinsi ya kuzifunika nyasi ndani ya tuta ili zioze vizuri, akalaumu matuta yangu ya likizo iliyotangulia kwamba ni ya kizembe, akamtaja kwa lawama mtu aliyeazima jembe, akataja bila lawama mwaka aliompata mama. Mahali hapo mama alinishika mkono kunizuia nisipumue kwa nguvu. Baadaye aliniambia kwamba alisikia karibu yote. Maneno machache tu yalimpita, na hayo alikuwa anayajua.

Jioni ile ile, jua likiwa bado ukutani, alianza kukunja nguo zake.

"Nimemsikia. Kesho ninarudi."

Nikamwambia hatimaye nilichopaswa kumwambia siku ya kwanza: kwamba nilitaka akae. Akasema anajua, mke wangu alimwambia siku ya pili. Akasema pia kwamba sikio likifunga atakuwa kiziwi kwake, anakojua kila mlango, kuliko kuwa kiziwi Milanzi anakogongana na makabati. Basi nikafanya jambo pekee nililolijua. Nikakaa mbele ya mashine na kuongeza mstari mmoja kwenye faili la kuwashia. Tangu hapo, mtu akibonyeza kitufe, mfumo unapanda kwenye memori, unajipa ruhusa, unafungua njia zote, unachagua kadi sahihi, unaanza kumcheza baba. Haufanyi kingine. Safari hii nilihifadhi. Nilihifadhi mara tatu.

"Mama, nikate ule mwanzo?" nikamuuliza. "Zile dakika nne hazina kitu."

"Ukizikata nitaamkia saa ngapi?"

Sikuzikata. Katika miaka yote ya kupogoa, hicho ndicho kitu pekee nilichokiacha kwa kushauriwa.

Niliamua asiondoke na nakala bali na mashine yenyewe, kwa kuwa umeme nyumbani upo na kitufe ni kimoja. Mke wangu alipoona ninaiviringisha kwenye blanketi aliuliza mimi nitaandikia nini. Nikamwonyesha daftari, lile la siku tisa. Lilikuwa na kurasa nyingi zilizobaki.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umeulalia mji, nilimpeleka mama stendi ya magari ya Muze. Nilibeba begi lake, spika ndani ya boksi la mzee wa duka, na ile kompyuta. Kondakta wa basi dogo, kijana aliyevaa makoti mawili, alipokea begi akalirusha juu ya keria, kisha akanyoosha mikono kulipokea furushi la blanketi.

"Lete na hilo, mama, lipande juu."

"Hilo halipandi juu," mama akasema kwa sauti yake kali. "Huyo ni mume wangu."

Kijana akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, maana sikuona njia fupi ya kueleza. Akalitazama furushi, akatafakari kidogo, akarudi nyuma hatua moja na kuinama.

"Shikamoo, mzee."

Mama akapanda, akaketi dirishani, akamweka mapajani upande wa kulia.

"Hajibu haraka," akamwambia kondakta. "Wewe endelea na kazi."